Wali wa Kijani wa Orrin Tadlock

Bwaku, bwaku, bwaku. Kabla hujapinda kona ya mwisho ya barabara ya vumbi, kabla hujaona hata paa la banda, ulikuwa unalisikia: pipa la Orrin Tadlock likichemka bila moto. Pampu ndogo ya hewa ilizamishwa chini ya maji meusi yenye molasi ya miwa, ikapuliza mchana kutwa, na mapovu yakapasuka juu kama chungu cha mganga asiyejua anachopika.

"Sikilizeni," Orrin alikuwa akiwaambia wageni, kidole juu. "Wanapumua."

"Akina nani?"

"Wao. Mabilioni kwa mabilioni. Mimi si mkulima, ndugu zangu. Mimi ni mchungaji wa wasioonekana."

Na wageni, watu wazima wenye shahada zao, waliopanda kutoka San Francisco kwa magari yasiyotoa sauti, wakatikisa vichwa kana kwamba wameshushiwa ufunuo. Mmoja alilia. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, mwanamume wa makamo, analia mbele ya pipa la molasi.

Mimi ni Tobin Haskett. Nimezaliwa humu humu milimani Humboldt, kaskazini mwa California, na bangi imenilea kama mahindi yanavyowalea wengine. Ndiyo iliyoninunulia viatu vya shule na ndiyo iliyomnunulia baba yangu jeneza. Kwa hiyo sisimulii haya kama mpita njia aliyekuja kucheka. Nacheka kama mwenyeji, na kicheko cha mwenyeji ndicho kinachochoma.

Tusidanganyane lakini. Alichokuwa akikifundisha Orrin hakikuwa uongo mtupu. Udongo uliokufa hauzai ua la maana. Mmea wa bangi ukiota katika udongo wenye uhai, mizizi yake hujaa vijidudu vinavyoulisha na kuulinda, na ua lake hutoka na harufu inayokusimamisha mlangoni. Hilo tunalijua sote huku juu. Na tunajua pia namna ya kuvikaribisha hivyo vijidudu: unapika wali mgumu kidogo, unautia kwenye kisanduku cha mbao, unaufunika kwa karatasi na kuuzika chini ya majani makavu, penye mwaloni uliokomaa. Baada ya siku tano unaufukua. Ukikuta wali umeota manyoya meupe, mwaliko umekubaliwa. Unauchanganya na molasi na maji, unaupulizia hewa, unaumwagia mizizini.

Na kanuni ni moja, hata mtoto wa miaka saba wa bonde letu anaijua: mweupe chukua, wa rangi nyingine tupa. Tupa mbali, kisha nawa mikono.

Septemba ile Orrin alifungua kisanduku mbele yangu. Wali ulikuwa wa kijani, kijani cha sarafu iliyolala kisimani, na pembeni una madoa meusi kama shati lililosahauliwa kwenye beseni.

"Huu wa kutupa," nikasema.

Orrin akauinamia, akavuta pumzi ndefu juu yake, kama mtu anayenusa mkate. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Mwaka wangu wa kwanza hapa."

"Mwaka wako wa kwanza ulikuwa mwanafunzi, nikakufundisha ya wanafunzi." Akaniwekea mkono begani. Orrin alikuwa na mikono ya kuwekea watu mabegani. "Kupenda weupe tu ni woga, kijana wangu. Msitu una kwaya nzima. Wewe unataka kusikia sauti moja?"

Maneno gani hayo! Yapime kwenye mizani uone kama yana uzito wa unyoya. Lakini siku mbili kabla ya hapo, mbele ya wageni kumi na wanne, alikuwa ameniita mkono wake wa kuume. Mtu mwenye kiburi hana haja ya kufungwa kamba. Mpe cheo, atajifunga mwenyewe. Nilifunga mdomo, nikautia ule wali kwenye pipa.

Na si hilo tu. Mwaka ule Orrin aliamua kwamba mizizi haitoshi, maua nayo yabatizwe. Wiki mbili kabla ya mavuno, maua yakiwa yameshiba na kunata, wakati ambao mkulima mwenye akili huogopa hata umande, nilipita mstari kwa mstari katika banda la nailoni nikiyanyunyizia maji ya wali wa kijani. Bomba la mgongoni alilibeba nani? Nililibeba mimi. Nililibeba vizuri, nikihakikisha kila ua limepata tone lake.

Tulivuna, tukakausha, tukapeleka sampuli maabara ya mjini Eureka. Jibu lilikuja Jumanne, na Orrin akalisoma akiwa amesimama kando ya pipa lake.

"Limekataliwa," akasema, kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Aspergilasi. Wameona aspergilasi!"

Huo ni ukungu, na sheria ya jimbo haiulizi ni mwingi kiasi gani. Ukionekana ndani ya gramu moja tu, zao lote halifiki dukani.

"Tunaweza kulipeleka kwenye mashine ya mionzi, ikaue ukungu," nikasema.

"Niwachome watoto wangu kwa mionzi?"

"Au tuwauzie wakamuaji wa mafuta ya bangi."

"Tobin." Akaikunja karatasi mara nne, akaidumbukiza kwenye pipa. Niliitazama ikizama. "Hao wanapima kila kitu kwa hofu. Wameshazoea maiti, ndiyo maana kiumbe hai akiingia mlangoni wanapiga ngoma ya hatari. Unajua nani anahitaji uhai kuliko watu wote? Wagonjwa. Mungu amenifungia duka ili anifungulie njia. Zao hili lote ni la Siku ya Chupa."



Siku ya Chupa mimi siifanyii mzaha. Ilianza kabla sijazaliwa, wakati vijana wa mjini walipokuwa wakifa mamia kwa mamia kwa UKIMWI na hakuna aliyetaka kuwagusa, na wakulima wa bonde hili wakateremka na magunia wakawagawia bure. Mjini wamesahau, sisi hatujasahau. Kila Novemba wagonjwa sita wa bonde hupewa kila mmoja chupa kubwa ya kioo iliyojaa maua bora ya msimu, ya kumvusha mvua zote. Na desturi ni kwamba mgonjwa huifungua pale pale ukumbini, husokota, huwasha, huvuta pafu la kwanza mbele ya watu, na watu hupiga makofi. Hiyo ndiyo shukrani. Hakuna anayeuliza zao limepimwa au la, maana jirani hapimwi.

Na kati ya wale sita, mwaka ule, mmoja alikuwa Linnea Haskett, mama yangu.

Alipandikizwa uboho mwezi Machi. Kila asubuhi hunywa vidonge vya kulaza kinga ya mwili, ili usiukatae uboho wa mtu mwingine. Ni kama kumpa mlinzi dawa ya usingizi asije akampiga mgeni. Jambo jema, mradi mgeni awe huyo mmoja tu.

Kesho yake niliteremka Eureka. Maabara ile haikuwa na fahari yoyote: mlango wa bati kati ya fundi wa matairi na duka la zana za uvuvi. Mwanamke mmoja alikuwa kaunta anakula tamale, andazi la mahindi la Kimeksiko, juu ya karatasi. Kwenye koti lake jeupe palishonwa jina: Marisela.

"Wa shamba la Tadlock," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umejuaje?"

"Ni watu wake tu wanaoingia humu wamekunja ngumi."

Nikaikunjua ngumi. "Nimekuja kuuliza, sikuja kugombana."

"Basi wewe wa kwanza. Bosi wako kanipigia simu jana kaniita Herode. Hebu subiri."

Akanawa mikono, akaingia ndani, akarudi na kisahani cha kioo kilichofunikwa na kuzibwa kwa utepe. Ndani yake palikuwa na duara la rangi ya kijani iliyoelekea buluu, laini kama mahameli. Niliijua rangi ile. Nilikuwa nimeipakua kwa mikono yangu.

"Mashine ilishamtaja aspergilasi," Marisela akasema. "Huyu nimemwotesha tu ili nimtazame usoni. Mzuri, sivyo?"

"Orrin anasema yuko kila mahali. Kwenye majani, kwenye vumbi, kwenye mboji."

"Kasema kweli. Dubu nao wamejaa huko kwenu mlimani. Umewahi kumfungulia mmoja mlango wa jikoni?"

Nikakitazama kisahani.

"Na usidhani navichukia vijidudu," akaendelea. "Nimevisomea miaka sita, mume wangu anavionea wivu. Mmea wenu wenyewe umejaa navyo, mizizini, ndani ya shina, hata ndani ya mbegu. Vipo vinavyoulisha, vipo vinavyoupigania. Bosi wako hajakosea kuvipenda. Kakosea kudhani vyote vinampenda yeye."

"Mtu akiyavuta maua haya itakuwaje?"

"Mtu kama wewe? Utakohoa, utasahau."

"Na mtu ambaye kinga yake imelazwa?"

Akakiweka kisahani chini. "Nani?"

"Mama yangu. Uboho. Machi."

Marisela hakunitazama kwa huruma, na nilimshukuru kwa hilo. Alikigonga kile kisahani kwa ukucha. "Moto wa sigara hauviui vyote. Vinavyobaki vinapanda na moshi, vinatua mapafuni. Kuna joto, kuna unyevu, mlinzi kalala. Vinaota. Kama hivi. Na vikishaota humo, si kila mtu huamka."

"Niandikie karatasi nikamwonyeshe."

"Karatasi alishapewa bosi wako. Kaifanyia nini?"

"Kaitia kwenye pipa."

"Basi unawajua watu wenu kuliko mimi. Karatasi zetu hazipandi mlima. Tafuta kitu wanachokiamini."

Nilimkuta mama jikoni anamenya tufaha, kofia ya sufu imefunika kichwa kilichoanza kuota nywele za kitoto. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza huku ganda la tufaha likining'inia bila kukatika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Chupa ya Orrin hutaigusa."

"Hee! Nimezaa daktari, na mimi sina habari." Akatia kipande cha tufaha mdomoni. "Daktari wangu wa kweli kaniambia nisivute, nisile jibini la buluu, nisiguse udongo wa bustani. Jibini nimeacha."

"Mama, sifanyi utani."

"Wala mimi. Nikivuta ndipo ninapokula, Tobin. Nisipovuta chakula kinarudi kilikotoka, umekiona mwenyewe kikirudi. Sasa unataka nimwamini nani? Watu wa serikali? Hawa hawa walioleta helikopta juu ya paa hili nikiwa na mimba yako, wakang'oa kila kitu mpaka nyanya zangu?"

"Marisela si helikopta."

"Ooo, ana jina! Ni mzuri?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Orrin ndiye aliyemletea baba yako chupa kila wiki wakati anakufa. Kila wiki, kwa miguu, daraja limebebwa na maji. Sasa mtoto wangu anarudi kutoka mjini na habari za kisahani, anataka nimwite Orrin mwuaji."

"Sijamwita mwuaji. Namwita mpumbavu. Wali ulikuwa wa kijani."

Ganda la tufaha likakatika.

Mama alikuwa amezika visanduku vya wali tangu ujana wake. Akaweka kisu mezani polepole, ncha ikitazama ukutani. "Wa kijani vipi?"

"Wa kijani, na mweusi pembeni."

"Na mtu akautia kwenye pipa."

"Ndiyo."

"Na mtu akautia kwenye maua."

"Ndiyo."

"Mtu gani, Tobin?"

Nimejifundisha mwenyewe kupanga maneno, usiku na mchana, mpaka yanakaa kwenye mstari kama askari. Siku ile askari wote walikimbia.

"Mimi," nikasema.

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. "Na ulijua."

"Nilijua."

"Ulinyamaza kwa nini? Uliogopa kufukuzwa?"

"Hapana."

"Basi uliogopa nini?"

"Aliniita mkono wake wa kuume."

Mama akacheka, cheko fupi lililokwisha kwa kikohozi. "Mungu wangu. Nimezaa mbwa. Unapapaswa kichwa, unaleta kijiti." Akachukua tena kisu na tufaha jingine. "Sasa sikia. Jumamosi nitakwenda ukumbini. Chupa nitaipokea, kwa sababu Orrin hawezi kuaibishwa nyuma ya mlango wa jikoni kwangu kama mwizi wa kuku. Na wako watano wengine. Yule Amos Pickerel ana figo ya mtu mwingine. Wao nani kawaambia?"

"Hakuna."

"Basi ulichonyamazia mbele ya watu, ukakiseme mbele ya watu. Ukishindwa, mimi nitafungua chupa yangu kama wenzangu."

"Huwezi kufanya hivyo."

"Nijaribu," akasema mama yangu, na nilijua hatanii, maana kiburi changu sikukiokota barabarani.

Jumamosi mvua ilinyesha mfululizo. Ukumbi ni wa wazima moto wa kujitolea. Gari lao nyekundu husogezwa nje, meza hupangwa mahali pake, na watu huingia na masufuria ya maharage, mikate ya mahindi, keki za tufaha, na lile bakuli kubwa la majani mabichi ambalo kila mwaka huletwa na kila mwaka hurudi nyumbani limejaa. Chupa sita zilikuwa mbele, zimefungwa utepe. Lazima niseme kweli: zilipendeza. Maua manene, yamefunikwa na ung'avu kama sukari. Sumu ingekuwa na sura mbaya, dunia ingekuwa mahali rahisi pa kuishi.

Orrin alisimama na kizibao chake cha katani, ndevu amezichana. Akahutubu. Alisema kwamba kila ua humo ni kijiji. Alisema kwamba sisi wenyewe ni vijiji vinavyotembea. Alisema mwanadamu ameugua tangu siku aliyogundua sabuni, na nyuma mtu mmoja akasema "Ndiyo hivyo!", na mimi nikamfikiria mke wa mtu yule.

"Pokeeni," Orrin akamaliza, "zao lililo hai kuliko yote niliyowahi kuvuna."

Wagonjwa wakapokea. Mama akapokea ya tatu, akambusu Orrin shavuni, akaketi na chupa mapajani. Kisha akanitazama. Vidole vyake vikashika kifuniko.

Nikasimama.

"Msifungue," nikasema. "Maua hayo yamekataliwa na maabara."

Kicheko kikaanzia meza ya nyuma. "Maabara ya nani?"

"Ya wenye helikopta!"

"Kaa chini, Tobin, chakula kinapoa!"

"Yamekutwa na ukungu," nikasema kwa sauti. "Ukungu ambao mtu mwenye kinga iliyolala…"

"Mwacheni kijana," Orrin akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Ameteremka Eureka mara moja. Nasikia huko kaunta kuna binti." Ukumbi ukaangua kicheko. "Tumsamehe. Sote tumewahi kuwa na miaka ishirini na minne."

Wakacheka mpaka bakuli la majani likatikisika. Na katikati ya kicheko kile nikasikia kifuniko kikizunguka kwenye kioo. Si cha mama. Amos Pickerel alikuwa ameshafungua. Alikuwa amesokota tangu Orrin akihutubu, sigara iko mdomoni, kiberiti mkononi.

"Sawa!" nikapiga kelele. "Achaneni na maabara! Muulizeni wali ulikuwa wa rangi gani!"

Kicheko kikafa kama redio iliyozimwa.

Hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye hakuelewa. Karatasi ya mjini wangeifungia samaki, lakini wali ni wali. Bibi Hollis Burdick, ambaye alikuwa akizika visanduku tangu Orrin hajaota ndevu, aliweka uma wake chini.

"Orrin," akasema. "Wali ulikuwa wa rangi gani?"

"Hollis, mpenzi wangu, msitu haukai katika rangi moja. Mimi nilichosikia mwaka huu…"

"Sikukuuliza ulisikia nini. Nimeuliza rangi."

"Ukiangalia kwa jicho la zamani, jicho la woga…"

"Nina jicho moja la zamani na jingine la bandia, na yote mawili yanakusubiri. Rangi, Orrin."

Orrin akatazama huku na huku. Nilimwona akitafuta mgeni, mtu yeyote wa San Francisco wa kumtikisia kichwa. Siku ile palikuwa na wenyeji watupu.

"Kijani," akasema. "Kidogo."

"Na?"

"Weusi. Pembeni tu."

"Ukauweka mizizini?"

Orrin akazitupia jicho chupa za maua.

"Kwenye maua, Orrin? Uliuweka wali wa kijani kwenye maua, ukamletea Amos na figo yake?"

Amos akaitoa sigara mdomoni, akaitazama kama mtu aliyekuta kidole kwenye supu. Akairudisha ndani ya chupa, akafunga. Kifuniko cha pili kikafungwa, kisha cha tatu. Hakuna aliyetukana. Watu wakafunga vifuniko na kuzirudisha chupa mezani moja moja, na kila iliporudi Orrin alionekana mfupi kidogo.

"Nilidhani," akaanza, kisha akakaa kwenye kiti bila kumaliza. Miaka minne nilimsikia mtu huyu akisema, na huo ndio ulikuwa ukweli wake wa kwanza: alidhani.

Ningependa kuishia hapo, mimi nimesimama na yeye ameketi. Lakini Bibi Hollis hakuwa amemaliza kula.

"Na bomba alilibeba nani?"

Ukumbi ukanigeukia.

"Mimi," nikasema.

"Uliuona wali?"

"Niliuona. Nilijua. Nikanyamaza."

"Haya." Akauchukua tena uma wake. "Mmoja hajui na anasema sana, mwingine anajua na hasemi. Mkiunganishwa mnaweza kupata mtu mzima mmoja. Kaa chini, mkate unapoa."

Hapakuwa na kicheko sasa, na nilikitamani kile cha mwanzo. Nikaenda kukaa karibu na mama. Chupa yake ilikuwa mezani na zile nyingine, utepe haujaguswa. Alinisukumia sahani ya maharage bila kunitazama.

"Ungefungua kweli?" nikamwuliza.

"Kula."

"Mama, ungefungua?"

"Kidole changu kinauma kwa kukishika kile kifuniko. Ulichelewa mno." Akapangusa mdomo. "Na sasa mvua zote hizi nitakula kwa msaada wa nini? Dua?"

"Marisela anajua duka lenye maua yaliyopimwa, na kuna matone ya kuweka chini ya ulimi. Nitateremka Jumatatu."

"Marisela," akasema mama, akilionja jina kama chumvi. "Na mwaka ujao? Orrin hatajaza chupa tena. Nani atanijazia? Wewe, mleta vijiti?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini meza nzima iligeuka kusikiliza, na Bibi Hollis akanielekezea lile jicho lake zima. Nikasimama tena.

"Nitapanda miche sita nyuma ya jiko lako," nikasema, nikiinua sauti mpaka Orrin kwenye kiti chake aisikie. "Wali nitauzika mwenyewe, na nitauleta kwako uukague kabla haujagusa maji. Utakwenda mizizini, basi. Kwenye ua halitafika hata tone. Zao nitalipeleka maabara, na jibu nitalisoma hapa, mbele ya watu hawa, kabla hujafungua kifuniko. Na likikataliwa, mama, nakuahidi, nitalifukia lote mbele yako siku hiyo hiyo na kusema kosa ni la nani, hata kama ni langu, hasa kama ni langu."